Saladi ya Nyanya na Jibini Laini

Katika miezi ambayo nyanya huiva kwa wingi katika mashamba ya Mwea, ya Loitokitok na ya Taveta, bei yake sokoni huteremka hata pengine mkulima huona heri zioze shambani kuliko kulipia gari la kuzipeleka mjini. Nayo maziwa ya jioni yana taabu yake. Katika sehemu nyingi zenye ng'ombe wa maziwa gari la chama cha ushirika hupita asubuhi tu; maziwa yakamwayo jioni hubaki nyumbani, na mwenye nyumba asiye na chombo cha baridi hujua kwamba huenda yatachachuka kabla gari halijarudi. Nyanya zilizokosa mnunuzi na maziwa yaliyokosa gari vyaweza kukutana katika sahani moja. Sahani hiyo ni saladi ya nyanya mbichi na jibini laini, nayo huhitaji moto kidogo, malimau machache, chumvi na mikono iliyo safi.

Chakula hiki si kigeni kabisa kwa mtu wa Kenya. Kachumbari yajulikana mjini na mashambani, na hapana karamu ya nyama choma wala ya pilau inayokamilika bila hiyo. Tofauti ni kwamba kachumbari ni kitoweo cha pembeni, kitu cha kuamsha ulimi kati ya tonge na tonge, lakini saladi yenye jibini ni chakula chenyewe. Jibini huleta ile nguvu ya maziwa ijengayo mwili, nyanya huleta maji na vitamini, na mkate au chapati moja ikiongezwa, mtu mzima aweza kushinda nayo tangu adhuhuri hata jioni.

Walioupa mchanganyiko huu sifa ulimwenguni ni Waitalia. Wao huuita kwa jina la Capri, kisiwa kidogo kilicho katika ghuba ya mji wa Napoli, nao huutengeneza kwa namna iliyo rahisi mno: vipande vya nyanya, vipande vya jibini iitwayo mozzarella, majani ya mrehani, chumvi na mafuta ya zeituni, basi. Hawatii vitunguu, na wengi wao hawapendi kutia siki. Rangi zake tatu, nyekundu, nyeupe na kijani, ndizo rangi za bendera ya nchi yao, na jambo hilo huwafurahisha sana.

Yafaa kukumbuka kwamba nyanya yenyewe haikuzaliwa Italia. Mmea huu asili yake ni Amerika, nao watu wa Meksiko walikuwa wakiulima na kuula kabla ya Wahispania kufika huko. Jina la nyanya katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na lugha yao. Tabibu Mwitalia aliyeitwa Mattioli aliandika habari za tunda hili mwaka 1544, na Waitalia wakaliita tunda la dhahabu, labda kwa kuwa zile za kwanza kuonwa nao zilikuwa za manjano. Hata hivyo kwa muda mrefu watu wengi wa Ulaya waliliogopa. Nyanya ni ndugu wa mnavu na wa mimea mingine ya jamii hiyo, na kwa kuwa baadhi ya ndugu zake ni sumu, watu waliona ni salama zaidi kuitazama bustanini kuliko kuila. Mwafrika aliyekwisha kuchuma mnavu na kula nyanya chungu tangu utotoni huenda angewacheka, lakini woga wa chakula kigeni hauna taifa.

Jibini ya mozzarella ina ufundi wake. Maziwa hugandishwa kwa dawa itokayo katika tumbo la ndama, kisha mabonge yaliyoganda hukatwa, huachwa yachachuke kidogo, halafu hukandwa na kuvutwa ndani ya maji ya moto mpaka yakawa laini na yenye kunyumbuka kama unga wa chapati. Mtengenezaji hukata donge kwa mkono, na jina lake limetoka katika neno hilo la kukata. Ile inayosifiwa kuliko zote hutokana na maziwa ya nyati wafugwao wa sehemu za Campania, ambayo yana mafuta karibu mara mbili ya maziwa ya ng'ombe. Jibini hiyo huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi na Mombasa, lakini bei yake si ya kila mtu, wala si lazima. Iko jibini nyingine laini ambayo mama yeyote aweza kuitengeneza jikoni mwake kwa muda wa saa mbili, nayo hugandishwa kwa limau peke yake. Wahindi wameitengeneza kwa namna hiyo tangu zamani na kuiita paneer, na wapishi wengi wa Kihindi katika miji ya Afrika Mashariki huifanya mpaka leo.

Kabla ya kueleza namna ya kuitengeneza, liko jambo moja ambalo mpishi hana ruhusa kulipuuza, nalo ni maziwa mabichi.

Katika kisiwa cha Malta, katikati ya Bahari ya Mediterania, palikuwa na homa iliyowasumbua wenyeji na askari wa Kiingereza kwa miaka mingi. Mgonjwa hupata homa, hupoa siku kadhaa, kisha homa hurudi. Usiku hutoka jasho jingi, viungo na mgongo humwuma, na udhaifu huo huweza kuendelea kwa miezi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alikiona kijidudu cha ugonjwa huo katika miili ya askari waliokufa. Huyu ndiye Bruce yule aliyefika Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale, na ambaye kazi yake ilisaidia kuonyesha kwamba malale huenezwa na mbung'o. Kijidudu kilikuwa kimejulikana, lakini njia yake ya kuingia mwilini haikujulikana. Wengine walidhani ni hewa mbaya, wengine maji machafu, wengine mbu.

Jibu lilipatikana mwaka 1905. Daktari Themistocles Zammit, mzaliwa wa Malta, aliwapima mbuzi wa kisiwa hicho, akagundua kwamba wengi wao walikuwa na ugonjwa katika damu yao hali wakionekana wazima kabisa, wenye manyoya mazuri na viwele vilivyojaa. Siku zile wachungaji wa Malta walikuwa wakiwapitisha mbuzi wao mlango kwa mlango na kuwakama pale pale mbele ya mnunuzi, na kila mtu aliamini kwamba maziwa yaliyokamwa mbele ya macho yake hayawezi kuwa na hila. Mwaka ule ule mbuzi wa Malta walipakiwa katika meli moja kupelekwa Marekani, na mabaharia waliokunywa maziwa yao mabichi njiani wakashikwa na homa. Mwaka 1906 askari walikatazwa kunywa maziwa ya mbuzi, na kwa muda mfupi ugonjwa ukapungua sana makambini. Lakini wenyeji wengi waliendelea na desturi yao, na homa ikaendelea nao. Kiwanda cha kuyapasha maziwa moto ili kuua vijidudu hakikuanza kazi huko mpaka mwaka 1938.

Kisa hicho hakikuishia hapo, na sehemu yake ya mwisho yahusu jibini yenyewe. Watu wa Malta wana jibini ndogo laini waipendayo sana. Mwaka 1995, karibu miaka 90 baada ya Zammit kuonyesha asili ya hatari, ugonjwa ule ule ulizuka tena kisiwani na kuwapata watu zaidi ya 100, na chanzo chake kilikuwa jibini laini iliyotengenezwa kwa maziwa ambayo hayakupashwa moto. Watu walikuwa wameacha kunywa maziwa mabichi, lakini wengi hawakufikiri kwamba jibini ni maziwa yale yale yaliyobadili sura.

Ugonjwa huo, uitwao bruselosi kwa kufuata jina la Bruce, upo Kenya, hasa kwa wafugaji wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Ubaya wake ni kwamba hujificha nyuma ya jina la ugonjwa mwingine. Mtu apatapo homa na maumivu ya viungo husema ni malaria, hununua dawa ya malaria, hupata nafuu siku mbili kwa kuwa homa yenyewe ina desturi ya kuja na kwenda, kisha hununua dawa tena. Aweza kupoteza mavuno ya msimu mzima akiwa kitandani, na fedha za karo zikaishia dukani kwa mwuza dawa. Mama mjamzito aweza kupoteza mimba. Ugonjwa ukijulikana kwa kupimwa damu hutibika, lakini dawa zake ni za aina mbili au zaidi pamoja, na humezwa kwa muda wa wiki 6 hivi bila kuruka siku. Kwa hiyo mfugaji ambaye ng'ombe wake ametupa mimba asishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na amwite mganga wa mifugo. Tena asidanganyike na uchachu: maziwa yakilala mpaka yakaganda yenyewe, bado vijidudu vyaweza kuwamo. Wala chumvi itiwayo katika jibini haitoshi kuviua. Moto ndio uviuao.

Basi jibini ya limau ina sifa moja inayopita ladha yake, kwamba haiwezi kutengenezwa vizuri bila kwanza kuyapasha maziwa moto mkali.

Kwa watu watano yatosha lita 2 za maziwa. Yawe maziwa kamili ambayo mafuta yake hayajaondolewa, na yawe ya siku ile. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kwa sindano au mwenye kiwele kilichovimba yasitumiwe. Na maziwa yaliyokwisha kuharibika yasigeuzwe jibini kwa kusudi la kuyaokoa. Ziko sumu zifanywazo na vijidudu katika maziwa yaliyokaa katika joto, nazo haziondoki hata yakichemshwa. Afadhali maziwa ya jioni yapashwe moto jioni ile ile na jibini ikatengenezwa kabla ya kulala.

Sufuria iwe nzito kidogo, kwa kuwa maziwa hushika upesi chini ya sufuria nyembamba na harufu ya kuungua haitoki tena. Moto uwe wa wastani. Maziwa yakorogwe taratibu kwa mwiko mpaka yaanze kuchemka na kupanda, kisha sufuria iepuliwe na kuachwa itulie kwa muda wa dakika moja au mbili. Wakati huo malimau yawe yamekwisha kukamuliwa na kuchujwa mbegu. Kwa kila lita moja ya maziwa huhitajiwa vijiko vya chakula 3 hivi vya maji ya limau. Kwa lita 2, vijiko 6. Ndimu hufaa vile vile, na asiye na limau wala ndimu aweza kutumia siki nyeupe, ingawa ladha yake ni kali zaidi.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Maji ya limau yasimiminwe yote kwa mara moja. Mpishi atie vijiko viwili, akoroge mara mbili tatu polepole, angoje kidogo, atie vingine, na huku akitazama. Baada ya muda maziwa yatakatika: mabonge meupe yatajikusanya juu, na chini yake yatabaki maji yenye rangi ya manjano iliyoelekea kijani. Maji hayo yakiwa maangavu, kazi imekwisha, wala limau isiongezwe hata kama imesalia katika kikombe. Yakiwa bado meupe kama maziwa, kitiwe kijiko kimoja zaidi. Kukoroga kwa nguvu wakati huu huvunja mabonge yakawa kama mchanga, na jibini hutoka kavu.

Sababu ya kukatika huko ni kwamba sehemu ya maziwa ijengayo mwili imetawanyika katika maji kwa chembe ndogo mno ambazo hukataa kushikana. Uchachu wa limau huziondolea kukataa huko, zikashikana na kuyabeba mafuta pamoja nazo. Joto husaidia kazi ifanyike upesi. Maziwa ya lala nayo huganda kwa sababu ya uchachu, lakini uchachu wake hufanywa polepole na vijidudu vyema vya maziwa, nayo hubaki na maji yake ndani.

Kitambaa cha kuchujia kiwe cheupe na chepesi, melimeli ikipatikana, nacho kichemshwe kwanza katika maji safi. Jambo hili watu huliona dogo, lakini kitambaa kilichofutia meza asubuhi chaweza kurudisha hatari ile ile ambayo moto umeiondoa. Kitandazwe juu ya kichujio kilicho juu ya sufuria nyingine, na mabonge yamiminwe humo taratibu. Pembe nne za kitambaa zikusanywe na kufungwa, kisha kitambaa kining'inizwe juu ya bakuli. Mtu atakaye jibini laini ya kupaka aiache dakika 20. Kwa saladi ni bora ikae kama saa moja, kisha ilazwe ndani ya kitambaa chake juu ya sahani na kuwekewa kitu kizito kiasi juu yake, kama sufuria ndogo yenye maji, kwa nusu saa nyingine. Hapo itashikana, na itaweza kukatwa kwa kisu bila kusagika yote. Chumvi, nusu kijiko cha chai, ichanganywe katika mabonge kabla ya kuyafunga. Lita 2 za maziwa mazuri zitatoa jibini ya gramu 300 hadi 400 hivi. Anayeiona kuwa kidogo na akumbuke kwamba sehemu kubwa ya maziwa ni maji, na kwamba kilichobaki katika kitambaa ni ile sehemu iliyo na nguvu.

Kuhusu nyanya, mtu asichague kwa rangi peke yake. Zile za mviringo kama yai, zenye ngozi ngumu, ambazo wakulima wengi hupanda kwa sababu hustahimili safari ya gari, ni nzuri kwa mchuzi lakini katika saladi huwa na ukavu. Kwa kazi hii nyanya ya mviringo yenye maji, iliyoivia katika shina lake, ndiyo bora. Ikishikwa huwa nzito kwa ukubwa wake, na pale penye kikonyo hutoa harufu ya majani. Nyanya nne au tano kubwa zatosha. Zisiwekwe katika friji, hasa kwa siku nyingi. Watu wa mjini hufanya hivyo kwa kudhani wanazihifadhi, lakini baridi ya chini ya digrii 12 huzuia ile kazi ya ndani ifanyayo harufu na ladha ya nyanya, na utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2016 haukuhitajika kuwaambia wakulima jambo walilolijua kwa ulimi wao: nyanya iliyolala katika baridi haina utamu wa ile iliyokaa juu ya meza.

Mkulima anayechuma katika shamba lake mwenyewe akumbuke siku aliyopiga dawa. Kila dawa ya wadudu ina idadi ya siku ambazo ni lazima zipite kati ya kupiga dawa na kuchuma, nayo huandikwa katika karatasi iliyobandikwa chupani. Tangu yule nondo mharibifu wa nyanya aitwaye Tuta absoluta aingie Kenya, wakulima wengi wamelazimika kupiga dawa mara nyingi zaidi, na kishawishi cha kuchuma kabla ya siku kutimia ni kikubwa wakati bei ni nzuri. Nyanya ya mchuzi hupita motoni, ingawa moto nao hauondoi kila dawa. Nyanya ya saladi haipiti popote isipokuwa katika maji ya kuoshea.

Nayo maji hayo yawe safi. Kuosha nyanya kwa maji ya mto au ya kisima kisichofunikwa ni kuipaka uchafu ambao pengine haukuwapo. Katika miaka ambayo kipindupindu kimezuka mijini, maofisa wa afya wamewaonya watu tena na tena juu ya vyakula viliwavyo vibichi. Maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, ndiyo yafaayo. Nyanya isuguliwe kwa mkono, hasa shimoni penye kikonyo, kisha ikaushwe kwa kitambaa safi kabla ya kukatwa, kwa kuwa kisu hupeleka ndani kila kilichokuwa juu ya ngozi. Kibao cha kukatia nyama kisitumiwe.

Kazi iliyobaki ni fupi. Nyanya zikatwe kwa kisu kikali, au chenye meno, katika vipande vya mviringo vyenye unene wa kidole cha mwisho. Kisu butu huziponda na kumwaga maji yake. Zipangwe katika sahani pana, kipande cha nyanya, kipande cha jibini, kipande cha nyanya, vikilaliana kidogo kama vigae vya nyumba. Jibini ikikataa kukatika vizuri isilazimishwe. Imenywe kwa vidole na kutawanywa juu, na utamu wake hautapungua. Kisha vijiko viwili au vitatu vya mafuta, pilipili manga iliyosagwa wakati ule, na majani.

Majani ya mrehani yanajulikana sana Pwani, ingawa huko wanawake huyajua zaidi katika kikuba pamoja na asumini kuliko katika sahani. Ndiyo majani yale yale wayatumiayo Waitalia, au ndugu zake wa karibu, nayo hukubali kumea katika kopo lenye mashimo mahali penye jua. Yachanwe kwa mkono, yasikatwe mapema, maana hugeuka meusi. Asiye nayo atumie dania, na saladi itakuwa ya namna nyingine lakini si mbaya. Mafuta ya zeituni ni ghali kwa kuwa hutoka nchi za mbali. Mafuta ya parachichi yanayokamuliwa hapa Kenya, au ya alizeti, hufaa. Mafuta hayo si ya ladha peke yake. Ile rangi nyekundu ya nyanya, ambayo ni chakula chenye manufaa mwilini, hupokewa vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta. Wanaotaka kitunguu watie, kwani hakuna mtu wa Capri atakayekuja kukagua.

Chumvi ya nyanya ije mwisho kabisa, watu wakiwa wamekwisha kunawa mikono. Chumvi huvuta maji. Ikitiwa saa moja kabla ya kula, nyanya zitakuwa zimeogelea na jibini itakuwa imelowa. Maji kidogo yatakayosalia chini ya sahani, yenye mafuta na chumvi na uchachu, yana utamu wa kipekee, na watoto wakiachiwa kipande cha mkate hawatayabakiza.

Saladi yenyewe iliwe yote siku ile. Jibini peke yake, ikifunikwa na kuwekwa katika friji, hukaa siku mbili au tatu. Pasipo na friji iliwe siku ile ile iliyotengenezwa, au kabla ya adhuhuri ya kesho yake kama ilitengenezwa usiku mahali penye baridi kama Limuru au Nyandarua. Wajawazito wasile jibini laini iliyokaa, hata kama ilitoka katika maziwa yaliyochemshwa, kwa kuwa kiko kijidudu kingine kiwezacho kukua hata katika baridi ya friji na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwao jibini iwe ya saa ile.

Maji ya manjano yaliyochujwa yasimwagwe. Yana sukari ya maziwa na sehemu ya madini yake, na uchachu wake si mkali. Hufaa kukandia unga wa chapati badala ya maji matupu, au kupikia uji wa wimbi, na yakizidi huwafaa nguruwe, ambao huyanywa kwa pupa. Kutoka katika lita 2 za maziwa hubaki zaidi ya lita moja na nusu ya maji hayo, na yatumiwe siku hiyo hiyo kabla hayajaanza kunuka.